Chupa Aliyoisoma Yasinta

Mimi ni mwanamke mwenye wivu. Nalisema hilo kabla ya habari ya kisukari, kwa sababu bila wivu nisingejifunza kujichoma sindano, na bila wivu huohuo nisingekaribia kuzikwa. Anayeniandikia maneno haya ni Rozi, mke wa mwanangu. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, hata pale anapotajwa yeye, na kama ni kununa anune huku kalamu inatembea.

Ninasema na nyinyi wazee wenzangu mliokaa kwenye mabenchi ya hospitali, mmeambiwa mtachomwa sindano asubuhi na jioni maisha yenu yote, na macho yenu hayaoni hata alama za kwenye bomba la sindano. Najua mnachokiogopa. Hamwogopi sindano. Mnaogopa kuwa mzigo kwenye nyumba ya mtu.

Kwetu ni Mpui. Ugonjwa ulinianza wakati wa kuvuna mahindi, miaka ile wafanyabiashara binafsi walipoanza kuleta malori yao mpaka shambani na kila mtu akawa anauza kwa anayemtaka. Nilikuwa nakunywa maji kopo baada ya kopo, na ulimi bado unashika kwenye meno. Nilipokwenda haja ndogo nyuma ya nyumba, baadaye nilikuta sisimizi wamejaa pale. Nilikonda. Pete yangu ya ndoa ikawa inazunguka kidoleni, nikaifunga uzi isije ikaangukia kwenye maji ya kuoshea vyombo. Mume wangu, Baba Leonsi, alisema ni uchovu wa kazi, nami nikakubali kwa sababu nilitaka kukubali.

Macho ndiyo yaliyonifikisha hospitali. Mimi ni msukaji. Vikapu na vichujio vya pombe vya mikono yangu vimefika mpaka Sumbawanga mjini, na watu walikuwa wanavijua bila kuambiwa ni vya nani. Siku moja nikawa nashindwa kuona pa kupitishia utepe. Ukungu mtupu, na katikati yake madoa meusi yanaelea. Nikasuka kikapu kimoja kikaenda upande, Baba Leonsi akakiangalia akacheka. Mimi nililia.

Mwanangu Leonsi ana kibanda cha kutengeneza baiskeli pale Mazwi, Sumbawanga mjini. Alikuja akanipakia kwenye lori la mahindi, akanipeleka hospitali mjini. Nililazwa wiki tatu. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, akanieleza kwamba sukari imekula macho na hayatarudi kama zamani, nitabaki kuona mwanga na vivuli. Kisha akasema neno lililonichoma kuliko sindano yenyewe.

“Bibi, Mpui hurudi kwanza. Mpaka uweze kujichoma mwenyewe, au awepo mtu nyumbani wa kukuchoma kila siku bila kukosa.”

Leonsi akadakia palepale, kwa furaha kabisa, “Mtu yupo, daktari. Mama mdogo Yasinta yuko kule kule nyumbani.”

Hapo ndipo nilipojua. Yasinta ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, kanizidi urefu na nimemzidi miaka kumi na miwili. Mume wake alikuwa amekufa mwaka uliopita kule Laela, akabaki hana mtoto. Nilipolazwa, Baba Leonsi alimwita aje kumpikia na kusaidia shamba. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa kitandani nimechomekwa mpira wa maji mkononi, na jikoni kwangu anapika mwanamke mwingine.

Mtaniambia ni mdogo wako huyo. Ndiyo maana! Angekuwa jirani ningemfukuza kwa maneno mawili. Lakini wazee wetu wa zamani walikuwa na taratibu zao: mke akifa, ukoo wake ungeweza kumpa mume mdogo wa marehemu ashike nyumba, asije akaingia mgeni akatesa watoto. Sisi ni watu wa kanisa, mambo hayo tumeyaacha, ila midomo ya watu haijayaacha. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuja kunitazama wodini, akanishika mkono akasema, “Usiwe na wasiwasi, mwenzangu, nyumba yako ina mtu.” Nilitamani kuinuka nimpige kibao. Nilikuwa narithiwa nikiwa hai.

Nikamwambia daktari, “Yasinta hatanigusa paja. Nifundisheni mwenyewe.”

Nadhani alikuwa anaangalia macho yangu. Akasema, “Tutaona, bibi.” Maneno hayo mzee ukiambiwa na kijana ujue maana yake ni hapana.

Basi nikahamia Mazwi kwa Leonsi. Kipupwe kilikuwa kimeingia, ule upepo wa Ufipa unaokata mpaka kwenye mifupa, nami sina nyama ya kuuzuia. Rozi ndiye aliyekuwa ananichoma. Rozi, andika. Mkono wako ulikuwa mzuri, sindano ilikuwa haiumi, ila ulikuwa na haraka. Ulikuwa na meza yako ya mitumba sokoni, siku ya kufungua robota ulitoka mapema, siku nyingine ulichelewa kurudi, na mimi nakaa kitandani na sahani ya ugali inapoa mapajani kwa sababu bila sindano siruhusiwi kula. Sikuwahi kukulaumu kwa mdomo. Moyoni nilikulaumu kila siku, nikakuonea wivu macho yako na miguu yako na hata kelele zako za kuita wateja.

Baba Leonsi alikuja kila baada ya wiki mbili, analeta unga wa ulezi na maharage. Mara ya kwanza nilishika mkono wake, vidole vyangu vikaenda juu kidogo kwenye kifundo. Alikuwa amenenepa. Wiki sita mimi naisha, yeye ananenepa.

Mara ya pili alikuja amevaa sweta. Nililipapasa kuanzia bega mpaka pindo. Sweta jipya, la kufumwa kwa mkono, mishono imebana vizuri, pindo halina kosa hata moja.

“Nani kakufumia?”

“Shemeji. Si unaona baridi ilivyo?”

“Sioni,” nikamwambia. “Siku hizi sioni.”

Akaanza habari za ng'ombe na bei ya mbolea, na mimi sikumsikia hata neno moja. Nilikuwa nafikiria vidole vya Yasinta vikimpima mume wangu mabega.

Jumanne ilikuwa siku ya kliniki ya sukari. Tulikaa benchi refu la mbao lililokuwa limelika katikati, wazee kumi na kitu, kila mtu na chupa yake ya mkojo ameishika mkononi kama mtoto aliyetumwa dukani. Mnajua kusubiri kule. Mnasikia jina linaitwa, mnageuka wote, na mnamchukia kidogo aliyeitwa. Mimi nilikuwa nakaa pembeni karibu na mlango, na jirani yangu alikuwa mzee Msukuma, Mzee Ng'wandu, aliyehamia na ng'ombe wake huku Rukwa miaka mingi iliyopita. Huyu alikuwa haoni kabisa, hata mwanga. Alikuwa anakuja na bakora, peke yake, anawasalimia wote “Mwangaluka!” kwa sauti ya kuamsha wodi nzima.

Siku moja nikamwuliza kwa huruma, “Mzee, nani anakuchoma wewe?”

“Nani? Mimi mwenyewe!” Akapiga tumbo lake kofi. “Mama, mimi nimechoma ng'ombe miaka arobaini. Usiku wa giza, mvua inanyesha, ng'ombe anarusha teke. Sasa nimebakiwa na ng'ombe mmoja tu, huyu hapa, na wala harushi teke.”

Benchi zima likacheka. Mimi wivu ulinipanda mpaka masikioni. Mtu kipofu kabisa, mwanamume asiyejua hata kushona kifungo, anajichoma na kurudi kwake. Mimi mwenye vidole vilivyosuka kichujio kisichopitisha hata punje moja ya ulezi, nasubiri Rozi arudi sokoni. Nilimchukia Mzee Ng'wandu wiki nzima. Jumanne iliyofuata nikakaa naye tena, kwa makusudi, nikamwambia, “Haya, nifundishe.”

Akanifundisha kwa mdomo. Ukigeuza chupa juu chini na kuvuta, usikilize mkia wa bomba, kile kijiti cha nyuma kinachovutwa. Ukivuta dawa mkia unakuja kwa uzito. Ukivuta hewa unakuja mwepesi, unateleza. Ukiusikia mwepesi, sukuma irudi kwenye chupa, vuta tena taratibu. Fanya mara tatu. Paja au tumbo unalibana kwa vidole viwili, sindano inaingia wima, haraka, bila kusitasita. “Ukisitasita ndiyo inauma. Hata ng'ombe anajua.”

“Na kipimo? Unajuaje umevuta kiasi gani?”

Akasema amezoea tu, kidole chake kinajua. Hilo sikulipenda. Nilitaka kujua kama ninavyojua kazi yangu. Nikarudi Mazwi nikakaa na bomba tupu, nalivuta, nalisukuma, nalivuta. Siku mbili nzima. Nikakumbuka tunavyofanya tukisuka. Msukaji hapimi upana kwa macho. Anakata kipande cha tete, anakiweka katikati ya utepe na utepe, kikikaa sawa anaendelea, kisipokaa anafumua. Mama yangu alifanya hivyo, nami nikafanya hivyo tangu msichana.

Nikamwomba Leonsi aniletee matete. Nikapasua kipande katikati, kikawa kama mfereji mdogo, nikakipachika kwenye mkia wa bomba, kati ya kichwa cha mkia na mdomo wa bomba. Nikavuta mkia kupita kiasi, nikapachika tete, nikasukuma. Mkia ukarudi, ukagota kwenye tete, ukakataa kwenda mbele. Nikafanya tena. Ukagota palepale. Nililia, na safari hii nilikuwa nacheka.

Jumanne nikampelekea nesi wetu, mama mnene mwenye kikohozi, mtu wa maneno machache. Nikavuta maji mbele yake kwa kutumia tete langu. Akalipeleka bomba dirishani, akaangalia.

“Umepungukiwa alama mbili.”

Nikachonga lingine. Nikakosea tena. Tulichonga wiki tatu, maana dakika alizokuwa nazo kwangu ni chache na benchi lilikuwa limejaa. Hatimaye tukapata tete la asubuhi, refu, na tete la jioni, fupi, nililolifunga uzi ili nisilichanganye na la asubuhi. Nesi akanipa chungwa nilichome mara hamsini. Halafu akanipa paja langu.

“Choma.”

Nikachoma. Akaita wenzake waje waone. Daktari naye akaja, akayashika yale matete, akayageuza geuza. Akanionya kitu kimoja: kipimo kikibadilika, tete libadilike, na nisichonge peke yangu bila mtu wa kuliangalia. Nikasema ndiyo, ndiyo, huku nafikiria barabara ya Mpui. Mzee Ng'wandu alipapasa tete langu akaguna, akaomba nimchongee lake. Nilifurahi kuliko siku ya Pasaka. Sasa alikuwa ananionea wivu yeye.

Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha nilirudi nyumbani. Harufu ya udongo iliniambia tumefika kabla lori halijasimama. Baba Leonsi alinishika mkono, akasema “Karibu kwako, Mama Leonsi,” na kwa muda nilisahau kila kitu. Kisha nikasikia sauti ya Yasinta.

“Shikamoo dada. Maji ya kuoga yako tayari.”

Nikaingia jikoni. Hakuna kitu kilichokuwa mahali pake. Mwenye macho hawezi kujua maana ya jambo hilo. Nilinyoosha mkono pale chumvi ilipokaa miaka thelathini, nikashika kopo la majani ya chai. Vyungu vimehamia ukuta mwingine. Ungo umetundikwa juu zaidi, kwa kimo chake. Nilikuwa naweza kutembea nyumba yangu kwa kumbukumbu, na mtu alikuwa amenihamishia kumbukumbu.

“Nilipanga upya ili panya wasifike,” alisema.

“Panya nilikuwa naishi nao vizuri,” nikamjibu.

Nilitaka aondoke wiki ileile. Baba Leonsi akasema nani atapalilia, nani atachota maji, yeye mgongo wake haumsaidii. Basi tukaishi watatu. Nilijichoma mwenyewe asubuhi na jioni, mlango wa chumba nimeufunga. Dawa niliiweka kwenye mtungi wa udongo uliozungukwa na mchanga wenye maji, na kwenye kikopo nilitia punje moja ya mahindi kila ninapojichoma, ili nijue chupa inakaribia kuisha. Yasinta hakuruhusiwa kuugusa mtungi. Nilimwambia hivyo kwa maneno hayohayo. Wakati wa kula nilikuwa nasikiliza. Baba Leonsi akisema “Mchuzi mzuri leo,” tonge linanikwama. Wakicheka nje kwenye kupukuchua mahindi, nilitoka nikiuliza wamecheka nini, na wakinieleza haikuwa inachekesha. Sikuona neno baya hata moja kati yao. Kwanza nilikuwa sioni! Hilo ndilo lililonitesa.

Mvua zilipokolea, chupa yangu ikaisha mapema kuliko nilivyotarajia. Baba Leonsi akaenda mjini. Hospitali wakamwambia dawa haijafika, arudi baada ya siku kumi. Siku zile maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa mjini moja baada ya jingine, na mwenye duka moja alikuwa nayo hiyo dawa yangu, insulini, iliyotoka nje. Alimwuliza Baba Leonsi tunatumia bomba la aina gani. Mume wangu akajibu, “Bomba ni bomba, la hospitali.” Mwenye duka akamwandikia maelezo kwenye boksi, akamwambia asome vizuri au amwonyeshe nesi. Baba Leonsi miwani yake ilikuwa imevunjika mguu tangu Krismasi. Akatia boksi mfukoni, akapanda gari la kurudi, akalala. Kulipokucha akamkabidhi Yasinta boksi aniletee, akaenda kuangalia ng'ombe aliyekuwa anachechemea.

Yasinta alisimama mlangoni pa chumba changu muda mrefu. Alisoma mpaka darasa la saba, mimi sikusoma.

“Dada, hii dawa siyo kama ile. Hapa wameandika mia. Ile chupa ya zamani iliandikwa arobaini. Na mwenye duka ameandika kwa kalamu, ‘Kali zaidi, kipimo kibadilishwe.’”

“Nani kakuruhusu kusoma chupa zangu za zamani?”

“Nilizikuta jalalani. Dada, tusubiri tukamwulize nesi wa zahanati.”

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilimwelewa. Nasema ukweli mbele ya Mungu, nilisikia kila neno na nilielewa. Lakini masikio yangu yalichagua kusikia jingine: kwamba sindano, kitu pekee kilichobaki changu katika nyumba ile, naye anataka kuipangia mahali pake kama chumvi.

Nikamwambia, “Mume umemlisha, umemvika, jiko umelihamisha. Sasa unataka na dawa yangu uishike wewe. Ngoja kwanza nife, Yasinta. Sitachelewa sana.”

Aliweka boksi kitandani, nikasikia miguu yake ikitoka, haraka, mpaka nje. Nikasema moyoni, nimempata. Nikachukua tete la asubuhi, nikavuta, nikasikiliza mkia, ukaja kwa uzito wake, ukagota sawasawa. Nikajichoma. Tete langu lilipima wingi wa dawa. Ukali wake halikuujua, lingeujuaje?

Nilikunywa uji wangu wa ulezi nikiwa na furaha ya ubaya. Haukupita muda, jasho likaanza kunitoka na baridi yote ile ya asubuhi. Mikono ikatetemeka, kikombe kikanidondoka. Midomo ikafa ganzi. Nikasimama nitafute mlango, na mlango wa nyumba yangu mwenyewe sikuupata. Nakumbuka nimeshika ukuta, nafikiria jambo moja tu: nikifa sasa, amepata.

Mengine nimesimuliwa. Yasinta aliponiacha hakwenda kulia wala kumsemea shemeji yake. Alikimbia kwa jirani anayefuga nyuki kuomba asali. Alijua nitajichoma. Alinijua kuliko nilivyojijua, akaona kubishana na mimi kutapoteza muda. Aliporudi na kibuyu akanikuta chini, nimekaza meno. Hakunimiminia kooni, maana ningepaliwa. Alinilaza ubavu, akachovya kidole, akanipaka asali ndani ya shavu na kwenye fizi, kidogo kidogo, huku analiita jina langu la utotoni ambalo hakuna aliye hai anayelijua isipokuwa yeye. Baba Leonsi akaenda kutafuta gari. Zahanati waliniwekea dripu ya sukari, nikalala siku mbili.

Nilipozinduka vizuri, harufu ya kwanza niliyoipata ni asali kwenye vidole vyake. Alikuwa ameketi pembeni ya kitanda. Nilijifanya bado nimelala.

Leonsi alikuja na uamuzi wake tayari. “Mama, unarudi Mazwi.” Nesi wa zahanati akasema kuna njia ya pili, nibaki Mpui, ila awepo mtu anayejua kusoma, aikague kila chupa kabla sijaifungua, na sindano nyingine zote niendelee mwenyewe. Baba Leonsi akasema, “Nitasoma mimi.” Hakuna aliyemjibu.

Lakini Yasinta alikuwa amekwishafunga mzigo. Nilipotolewa zahanati na kufikishwa nyumbani, aliniandalia chakula, akanisalimia kwa heshima zote, akasema amenisikia siku ile na amenielewa, anarudi Laela kwa wakwe zake. Akatoka kwenda kusubiri basi barabarani.

Nilikaa kitandani. Wivu ulikuwa unasema, umeshinda, tulia. Ndani ya nyumba hakukuwa na sauti ya mtu. Hicho ndicho nilichokuwa nakiomba tangu wodini, na sasa nimekipata, na Jumatatu Leonsi atakuja na gari kunichukua. Nikamwita Baba Leonsi anifikishe barabarani. Akanifikisha, nikamwambia arudi.

“Yasinta.”

“Niko hapa, dada.”

“Usiende.”

Nilikuwa nasikia upepo tu, na mahali fulani mbali gari linapanda mlima.

“Unaniambia nikae kwa sababu ya chupa,” akasema taratibu, “au kwa sababu mimi ni mdogo wako?”

Ningeweza kumdanganya. Mwanamke mwerevu angemdanganya.

“Kwa sababu ya chupa,” nikasema. “Bado nina wivu na wewe. Nakuonea wivu macho, na miguu, na lile sweta. Akila chakula chako roho inaniuma, na kesho akila itaniuma. Hilo la pili sijalifikia, Yasinta. Nitalifikia. Lakini kama utaondoka sitakuwa na mahali pa kulifikia.”

Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko kile cha pua cha mama yetu.

“Na mimi nilikuwa na mume,” akasema. “Yule wako hata mguu wa miwani unamshinda. Nimtake wa nini?”

Hapo na mimi nikacheka, kisha nikakasirika kidogo kwa niaba ya mume wangu. Basi lilifika, likapunguza mwendo, utingo akauliza kwa sauti kama kuna wa Laela. Halikuwa swali langu kulijibu. Nikasikia mlango unapigwa kofi, basi likaondoka, vumbi la matope makavu likanipiga usoni, na sikujua kama nimebaki peke yangu.

Kisha mkono ukaushika wangu, ukaupeleka chini kwenye fundo la kanga lililofunga mzigo.

“Shika upande huu,” alisema Yasinta. “Mzito.”